Maktaba nzuri za dunia: tuonyesheni na viti

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa picha za maktaba nzuri za dunia nimeubandika ukutani katika atelie yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, juu ya meza ya kurandia, na vijana wanaojifunza kazi kwangu wameutazama hadi umeanza kuchafuka kwa alama za vidole. Kwa hilo nawashukuru. Lakini mimi ni seremala, na seremala akionyeshwa chumba chenye etajeri, yaani rafu za vitabu, haangalii kama mtalii. Anauliza ni ubao wa mti gani, viungo vimeshikanishwa vipi, hewa inapita wapi, halafu anauliza: anayesoma anakaa wapi? Picha zenu karibu zote zilipigwa kamera ikielekea juu. Dari tumeziona. Viti hatukuviona, wala msomaji mmoja.

Naandika ili kuongeza yale ambayo ukurasa ule uliyaruka, maana mengine ndiyo yanayofanya maktaba hizo zistahili safari.

Nianze na Coimbra, Ureno, kwa sababu ndiyo picha iliyowashangaza vijana wangu kuliko zote. Maelezo yenu yalitaja dhahabu tu. Ni kweli, dhahabu imepakwa kila mahali. Ni enzi za mfalme João wa Tano, wakati dhahabu ya Brazili ilipokuwa ikimiminika Ureno, na jina la maktaba yenyewe, Joanina, limetokana na jina lake. Ilijengwa kati ya 1717 na 1728. Ila mimi ninachokivulia kofia pale ni popo. Mle ndani wanaishi popo wadogo, usiku wanatoka mafichoni na kuwala wadudu wanaotafuna karatasi na gundi. Jioni wafanyakazi wanazifunika meza kwa ngozi. Asubuhi wanazifunua na kusafisha mavi ya popo, ndipo wageni wanaruhusiwa kuingia. Kazi hiyo imerithishwa kizazi baada ya kizazi. Kuta nazo zina unene wa zaidi ya mita mbili, kwa hiyo jua la nje na baridi ya nje havifiki haraka kwenye vitabu. Hapa kwetu popo akiingia nyumbani tunaita watu wa maombi. Kule wamempa kazi.

Kama ningeambiwa nichague safari moja tu, hata hivyo, nisingeenda Ulaya. Ningeenda Korea Kusini, kwenye monasteri ya Haeinsa, ambayo hamkuitaja. Pale kilichohifadhiwa ni mbao: mbao 81,258 zilizochongwa maandiko ya Kibuda kwenye pande zote mbili, katika karne ya 13, nchi ikiwa imevamiwa na Wamongolia. Kila ubao ni chapa. Unaupaka wino, unalaza karatasi, unapata ukurasa. Ubao wenyewe ulilowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, ukakaushwa polepole, ndipo ukachongwa. (Sokoni kwetu ubao unashuka kwenye lori leo, bado unatoka maji, na kesho mteja anataka kabati lake. Halafu mlango ukipinda, lawama ni za fundi.)

Majengo yanayozitunza mbao hizo ni ya karne ya 15, nayo ni ya miti. Sakafu ni udongo uliochanganywa na mkaa, chumvi na chokaa, vitu vinavyonywa unyevu. Madirisha hayana vioo, yana fito tu, na hapo ndipo ilipo akili yote: upande wa mbele madirisha ya chini ni makubwa kuliko ya juu, upande wa nyuma wamegeuza, ya juu ni makubwa na ya chini ni madogo. Hewa inaingia, inazunguka katikati ya rafu, inatoka, mwaka mzima, bila mashine wala umeme. Miaka ya 1970 serikali ilijenga ghala la kisasa ili iwahamishie huko watawa hazina yao. Wakajaribu kwanza kwa mbao chache. Zikaota ukungu. Mpango ukaachwa, na mbao zipo pale pale zilipokuwa.

Hili linanihusu moja kwa moja. Bukavu mvua inaanza Septemba na inatuacha mwezi wa tano, na ziwa liko mlangoni. Kitabu kinachogusa ukuta wa matofali wakati wa mvua hakimalizi mwaka bila madoa. Kila ninapotengeneza etajeri ya vitabu naacha nafasi ya vidole vitatu kati ya mgongo wake na ukuta, na rafu ya chini naipandisha kutoka sakafuni. Na kila mara mteja ananiuliza kwa nini nisiipigilie misumari ukutani ili isiibe nafasi. Sasa nitawaonyesha Haeinsa. Ndiyo maana nasema ukurasa kama wenu, ukiandikwa kwa undani, si wa kupendezesha macho tu: kuna watu wa kazi wanaoweza kuutumia.

Mmeweka picha mbili jirani, Admont ya Austria na Tianjin ya China, na mkazisifu kwa pumzi moja. Naomba nizitenganishe. Ukumbi wa Admont ulikamilika mwaka 1776. Una urefu wa mita 70, kuba saba zilizochorwa na mzee Bartolomeo Altomonte, na madirisha 48 ili mwanga ufike kila pembe. Huko kuna hila moja ya useremala ambayo picha haiwezi kuionyesha: baadhi ya etajeri ni milango. Migongo ya vitabu unayoiona ni ya bandia, na nyuma yake kuna ngazi inayokupandisha kwenye roshani ya juu, vilipo vitabu vya kweli. Ni uongo, lakini ni uongo unaokufikisha kwenye kitabu.

Maktaba ya Tianjin Binhai, iliyofunguliwa 2017, ina uongo wa aina nyingine. Zile rafu nyeupe zinazopanda kama mawimbi hadi darini, zile zilizojaza nusu ya ukurasa wenu, kwa sehemu kubwa ya juu hazina vitabu. Kuna bamba za alumini zilizochapwa picha za vitabu. Wachoraji wa ramani, kampuni ya MVRDV ya Uholanzi, walikuwa wamepanga vyumba nyuma ya rafu hizo ili watu waweze kuzifikia; ujenzi ulifanywa kwa haraka, vyumba vile vikaondolewa kinyume na ushauri wao, na rafu zikabaki hazifikiki. Vitabu halisi vipo, katika vyumba vingine vya jengo hilo hilo, na watu wanavisoma. Lakini mtu akiniletea kazi ya etajeri ambayo mkono hauifikii, nitamwambia anunue kalenda yenye picha, itamgharimu kidogo.

Sasa nirudi kwenye viti. Baadhi ya maktaba mlizoonyesha haziwezi tena kuwa maktaba za kusomea, na nadhani msomaji ana haki ya kujua kabla hajaanza kuweka akiba ya tiketi. Kule Strahov, Praga, mgeni wa kawaida anasimama mlangoni na kuchungulia zile kumbi mbili, kwa sababu pumzi za watu wengi zinaleta unyevu. Sankt Gallen, Uswisi, unaingia, lakini kwanza unavaa ndara kubwa za manyoya yaliyoshindiliwa juu ya viatu vyako ili usikwaruze sakafu ya mbao. Ndara hizo nimezipenda! Watu mia wakitembea wanaing'arisha sakafu bila kujua kwamba wameajiriwa. Trinity College ya Dublin ina ule ukumbi wa karibu mita 65, uliojengwa kati ya 1712 na 1732. Mwaka 2022 walianza kuutoa vitabu vyake vyote, karibu 200,000, kila kimoja kikafyonzwa vumbi, kikapimwa na kuwekewa alama, ili jengo lenyewe likarabatiwe. Walishtuka walipoona kanisa la Notre-Dame la Paris linawaka mwaka 2019. Walishtuka wakati mwafaka, kwa sababu miaka miwili baadaye, Aprili 2021, moto ulioshuka kutoka mlimani uliteketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa maandishi kuhusu Afrika. Ule nao ulikuwa miongoni mwa kumbi nzuri. Hauko tena kwenye orodha ya mtu yeyote.

Nilishangaa kuona kwamba picha iliyowachukiza wasomaji wenu wengine, ile ya vitabu vilivyofungwa minyororo katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, ndiyo iliyonipendeza mimi. Wengi wanadhani mnyororo ni ubahili. Fikirini upya. Kitabu kilikuwa kinaandikwa kwa mkono, kwenye ngozi, na bei yake ilitosha kununua mifugo. Mwenye mali ya namna hiyo ana njia mbili: kuifungia sandukuni, au kuiacha wazi ikiwa imefungwa mnyororo ili kila anayejua kusoma aikute. Hereford walichagua njia ya pili. Wana vitabu 229 vya zama za kati katika etajeri zilizotengenezwa mwaka 1611. Tazameni tena picha: migongo ya vitabu imeangalia ndani, kurasa zimeangalia nje. Mnyororo umefungwa kwenye ukingo wa mbele wa jalada, ili msomaji akishusha kitabu na kukilaza kwenye meza iliyo chini ya rafu, mnyororo usijisokote. Aliyetengeneza ile meza alijua urefu wa mkono wa mtu aliyeketi. Ningempa kazi leo.

Kuna shule moja hapa mjini, jina lake naliacha, iliyoniagiza etajeri za maktaba. Tulitumia mbao za mti wa libuyu, nzuri, zilizokauka, kutoka upande wa Bunyakiri. Kazi ilipokwisha wakaomba milango, kisha kufuli. Niliporudi kurekebisha bawaba, ufunguo ulikuwa kwa prefe, mkuu wa shule, na prefe alikuwa safarini, na mwalimu wa Kifaransa alikuwa anafundisha shairi kwa kuliandika lote ubaoni. Vitabu vilikuwepo, vipya, hatua chache kutoka kwake. Laiti wangeninunulia minyororo.

Ndiyo sababu nataka muwaambie wasomaji habari za maktaba nzuri ambazo mlango wake unafunguka. Maktaba ya jiji la Boston, Marekani, jengo la mwaka 1895: ukumbi wake una dari ya kuba, meza ndefu na taa zenye vivuli vya kijani, na juu ya mlango mkuu wamechonga kwenye jiwe kwamba ni bure kwa wote. New York nao, ukumbi mkubwa wa kusomea wa mwaka 1911. Ua moja la plasta lilianguka kutoka darini usiku mmoja wa Mei 2014, wakaufunga ukumbi kwa zaidi ya miaka miwili wakikagua kila ua lililobaki, kwa sababu chini ya maua yale watu wanakaa. Paris, ule Ukumbi wa Yai wa Maktaba ya Taifa, mtaa wa Richelieu, ulikuwa wa watafiti tu. Tangu 2022 mtu yeyote anaingia na kukaa. Na Helsinki, Finland, kuna Oodi, iliyofunguliwa Desemba 2018 ikitazamana na bunge la nchi. Ghorofa ya juu ni vitabu. Ghorofa ya katikati, Bwana Mhariri, kuna vyerehani! Kuna jiko, studio za muziki, mashine za kuchonga na kuchapa vitu. Mama anaingia na kitambaa, anatoka na nguo iliyoshonwa, na vitabu viko ghorofa moja tu juu yake. Nimemweleza mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, naye akaniuliza kwa nini ukurasa wenu uliibandika picha ya paa peke yake.

Na Afrika? Katika picha zote za ukurasa wenu mmetupatia moja tu, Aleksandria. Ni chaguo zuri: lile paa la duara lenye kipenyo cha mita 160 lililolala kuelekea bahari, ukuta wa mawe ya Aswan uliochongwa herufi za mataifa mengi. Lakini hamkusema lililo kubwa kuliko paa. Mapinduzi ya Misri yalipoanza mwaka 2011, polisi wakatoweka barabarani, vijana wa mji walishikana mikono wakaizunguka maktaba, na vioo vyake havikuvunjwa. Jengo lilikuwa na miaka minane tu tangu lifunguliwe. Watu hawashikani mikono kuzunguka mahali wasiporuhusiwa kuingia.

Mngeweza kutaja Fes, Moroko, kwenye msikiti wa Al-Qarawiyyin ulioanzishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859, na maktaba yake iliyokarabatiwa na mwanamke mwingine, mhandisi Aziza Chaouni. Mngeweza kutaja Timbuktu, ambako mwaka 2012, wapiganaji walipouteka mji, Abdel Kader Haidara na wenzake walizipakia hati za kale kwenye masanduku ya chuma na kuzipeleka Bamako, nyingine kwa gari, nyingine kwa mitumbwi ya Mto Niger. Kwa miezi kadhaa maktaba nzuri kuliko zote za Sahara ilikuwa ni masanduku yaliyopangwa majumbani mwa watu.

Lakini ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu iko kwa jirani. Nilikwenda Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, kwa ajili ya harusi ya upande wa shemeji, na asubuhi ya kesho yake, watu wakiwa bado wamelala, nikaenda kuiona maktaba niliyokuwa nimesikia habari zake. Ilijengwa mwaka 2012 na BC Architects, wasanifu kutoka Ubelgiji, pamoja na mafundi wa pale pale, kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Kuta ni matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, hayakuchomwa, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya tanuru la kuyachoma. Nguzo za matofali zimesimama karibu karibu, na ndizo zinazobeba paa la vigae vizito vya udongo wa kuchomwa. Katika kuta wameacha matundu yaliyopangwa, hewa inapita upande hadi upande. Ni Haeinsa ile ile, Bwana Mhariri, imejengwa kwa udongo wa Muyinga.

Boriti ni mikalatusi. Nani kati yetu anauheshimu mkalatusi? Tunautumia kwa jukwaa la ujenzi na kuni. Unapinda ukikauka, unapasuka, unaharibu msumeno. Pale wameuacha mviringo, bila kuupasua mbao, na umetulia. Mbele ya jengo kuna baraza ndefu yenye paa, kama nyumba za zamani za Kirundi, na kati ya nguzo kuna milango mikubwa ambayo ikifunguliwa yote hujui tena maktaba inaishia wapi na uwanja unaanzia wapi. Ndani, upande wa watoto, wametandaza wavu mkubwa wa kamba za katani, umening'inia kutoka boriti hadi boriti. Mtoto anapanda na kitabu chake, analala chali kwenye wavu, anasoma. Mtoto kiziwi hasumbuliwi na kelele za wenzake wanaoruka chini yake. Nilijaribu kuuvuta kwa mikono kuona mafundo yamefungwaje, mlinzi akanitazama vibaya nikaacha.

Hakuna dhahabu pale. Wala sidhani gharama ya jengo zima ingetosha kulipia fremu za kuba moja ya Admont. Ila ingekuwa kwenye ukurasa wenu, vijana wangu wangeelewa kwamba jambo hili linaweza kufanywa kwa miti inayoota nyuma ya nyumba zao.

Nairobi nayo inastahili mistari miwili: maktaba ya McMillan, ya mwaka 1931, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ambayo miaka ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Baadaye Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kupitia shirika lao la Book Bunk, walijitwika kazi ya kuifufua, na kabla ya kuugusa mjengo wa simba walianza na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, kwa watu wa kawaida. Huo mpangilio wa kazi nimeupenda.

Na nyumbani? Mnaijua Lwiro, kwenye barabara ya Kavumu kuelekea Katana. Kituo kile cha utafiti, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, kina majengo ambayo watu wanatoka mbali kuyapiga picha, kina bustani, na ndani kina maktaba ya sayansi: mimea, wanyama, matetemeko ya ardhi, volkano zetu. Watalii wanafika hapo kuwaona sokwe waliookolewa, wanageuza gari. Ningependa gazeti lenu liende huko kabla halijatuletea Praga nyingine. Pelekeni mwandishi. Aandike hali ya paa, hali ya rafu za chini msimu wa mvua, na nani anayefuta vumbi. Kutoka Bukavu ni safari ya asubuhi moja, nami niko tayari kumsindikiza na tochi yangu na futi kamba. Mimi nitaangalia viungo vya etajeri. Yeye awaulize wanafunzi wa Katana ni siku gani wanaruhusiwa kuingia, na kama ziko meza za kuwatosha.

Fundi seremala,
Kadutu, Bukavu